Mgeni Amegoma Kuwaka

Wapo wengi waliowahi kugombana na wakwe zao. Lakini kumfuta mkwe kwenye redio, saa tano asubuhi, huku mkwe mwenyewe anasikiliza na kikombe cha chai mkononi, hilo huku kwetu Hanang aliliweza mtu mmoja tu: Yoakimu Margwe!

Mimi nilikuwepo. Naitwa Genoveva, na mwaka huo wa 2002 nilikuwa mpiga chapa na mwita redio wa shamba la ngano la serikali. Watu husema naongeza chumvi. Chumvi gani? Haya mambo yalikuja yameshaungwa!

Yoakimu alikuwa karani wa stoo ya vipuri. Kijana mzuri tu, msafi, hana ugomvi na mtu. Kosa letu lilikuwa moja: tulimpeleka Arusha kusoma kompyuta wiki tatu. Akaondoka Yoakimu, akarudi Injinia! Alirudi na tai, akawa anaifunga juu ya sweta, maana Julai upepo wa mlima hauheshimu tai peke yake. Alirudi na sidii mbili, akawa anatembea nazo hata akienda chooni.

Siku ya kwanza nikamwita kwa jina lake. Akanitazama kama nimemkanyaga kidole.

"Yoakimu yupi tena, Genoveva? Mimi nimesoma mifumo."

"Mifumo ya nini?"

"Mifumo endeshi!"

Kwa msiojua, mfumo endeshi ndiyo ile akili inayoiamsha kompyuta na kuipangia kazi. Bila huo kompyuta ni sanduku tu la kutandikia kitambaa cha kufuma.

Sasa, ofisini tuliletewa kompyuta mpya, lakini tulikuwa na programu ya zamani yenye orodha ya vipuri vyote vya kombaini. Programu ikagoma kabisa kwenye kompyuta mpya. Wiki nzima tukahangaika. Siku ya nane Injinia akatuita wote, akasimama juu ya kigoda.

"Nimetengeneza mashine pepe!"

"Mashine ya mapepe?" akauliza Gidahosh, fundi wa kombaini.

"Mashine pepo?" Imakulata, mpishi wetu, akapiga ishara ya msalaba.

"Pepe! Pe-pe! Ni kompyuta ndani ya kompyuta. Hii ya nje mnayoigusa inaitwa mwenyeji. Ile ya ndani haipo, ila inafanya kazi. Hiyo inaitwa mgeni. Mgeni anakaa kwa mwenyeji, anakula kwa mwenyeji, analala kwa mwenyeji."

"Haipo, na inafanya kazi?"

"Ndiyo!"

Tulishawahi kuwa na maofisa waliokuwepo na hawafanyi kazi, kwa hiyo hiyo mashine tukaiona nafuu. Na kweli, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ilifanya kazi. Ndani ya dirisha dogo kwenye kioo ule mfumo wa zamani ukaamka, programu ikafunguka, orodha ya vipuri ikaja. Gidahosh alipewa namba ya beringi yake kabla hajamaliza kuvua kofia. Sifa zikampanda Injinia mpaka tai ikambana.

Na hapo ndipo penye habari yenyewe. Yoakimu alikuwa amemposa Efrazia, mwalimu wa shule ya msingi kule Daudi, Mbulu. Barua ya posa ilishapokelewa. Kilichobaki ni baba mtu, mzee Tluway, aliyejibu kwa mstari mmoja tu: "Maneno yake nimeyasikia, sasa nakuja kuona kazi yake." Efrazia naye akaongeza karatasi yake: "Baba akirudi hapa amenuna, usinitafute."

Barua hiyo Yoakimu alinionyesha. Uinjinia wote ulikuwa umemtoka. Alimpenda yule binti kweli, nami nikamhurumia.

Mtu mwenye akili angefagia ofisi, akafua shati, akatulia. Injinia wetu akaamua kwamba siku hiyohiyo ya mkwe ndiyo ya kumpandisha mgeni wake toleo jipya!

"Yoakimu, mashine inafanya kazi. Unaigusia nini?" nikamuuliza.

"Mkwe akute kitu cha kisasa. Huo mfumo wa ndani umezeeka. Toleo jipya likiwaka linapiga muziki!"

"Mzee anatoka Daudi kuja kusikiliza muziki?"

"Genoveva, wewe piga chapa."

Basi nikapiga chapa. Mzee alitarajiwa saa kumi, kwa basi la kupitia Haydom. Saa tatu asubuhi Injinia akatia sidii. Akakunja mikono, akakaa kama anasubiri kupigwa picha. Saa nne kasoro, lile dirisha la mgeni likawa jeusi tii, kamstari keupe kanapepesa pembeni. Akamzima mgeni, akamwasha. Mgeni akaamka nusu, akaanguka. Akamzima tena. Akaamka nusu, akaanguka!

Mlango ukafunguka. Gidahosh.

"Namba?"

Kombaini namba nne ilikuwa imekata mkanda katikati ya ngano iliyoiva, na kweleakwelea walishaonekana upande wa Basotu, wingu zima. Ndege hao hawasubiri mtu amalize masomo. Na namba ya mkanda ilikuwa wapi? Ndani ya mgeni!

"Nipe dakika tano," akasema Yoakimu. Jasho lilikuwa linamtoka, Julai hiyo, na baridi ile!

Gidahosh alipotoka, Yoakimu akaninong'oneza nimwitie Ayubu. Huyo Ayubu ndiye mwalimu wake wa kompyuta, yuko ofisi kuu Arusha. Simu hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio, na redio yetu ukiongea unasikika Arusha, unasikika ofisi ya Katesh, unasikika mashamba yote saba. Tena Meneja alikuwa amepiga marufuku Kiingereza hewani, tangu siku tulipoagiza "oil seal", ile raba ya kuzuia oili isivuje, Katesh wakatuletea debe la mafuta ya kupikia. "Kiswahili tu," alisema Meneja, "kila mtu aelewe!"

Na kila mtu alielewa, Mungu wangu!

Kitu ambacho Yoakimu hakukijua, na mimi wakati huo sikukijua, ni kwamba mzee Tluway hakusubiri basi. Alipata lifti ya lori la vitunguu alfajiri, na saa nne alikuwa ameshafika ofisi yetu ya Katesh kungojea gari la shamba. Mwantumu, mwita redio wa pale, binti mwenye adabu zake, akamkaribisha kiti, chai na maandazi mawili. Kiti chenyewe kilikuwa pembeni ya redio. Yote ya Katesh Mwantumu alinisimulia baadaye.

Injinia akashika kipaza sauti.

"Arusha, Arusha, shamba naita. Nina shida na mgeni. Ova."

"Nakupata, shamba. Mgeni ana nini? Ova."

"Mgeni ni mzee sana. Amechoka, mzito, kila kitu anachelewa. Nimeamua kumbadilisha kabla ya saa kumi, lakini amezimika katikati. Ova."

"Kabla hajazimika alikuwa anakula sana? Ova."

"Usiseme! Nimempa mega sitini na nne, kala zote, na bado anataka! Ova."

Kule Katesh mzee Tluway akalirudisha andazi la pili kwenye sahani. Akamuuliza Mwantumu mega ni kitu gani. Mwantumu akasema hajui, labda ni vipande vya nyama.

"Na umemlaza kwenye chumba cha ukubwa gani? Ova."

"Kidogo tu. Sikutaka anibane. Nafasi iliyobaki nimeweka nyimbo zangu. Ova."

"Ndilo kosa lako hilo! Toleo jipya linataka chumba mara tatu ya hicho. Mgeni hawezi kugeuka humo! Ova."

Hapo mimi nikaanza kuhisi mambo yanaharibika. Nikamvuta mkono wa sweta.

"Yoakimu, mashamba yote yanasikiliza. Sema kompyuta. Usiseme mgeni!"

"Genoveva, mambo ya kitaalamu yana majina yake ya kitaalamu!"

Imakulata akachungulia dirishani, mwiko mkononi. Alishachinja jogoo kwa ajili ya mzee.

"Injinia, mgeni atakula wali au ugali?"

"Mgeni hatakula kitu tena, mama! Nimemzima mara nne haamki!"

Imakulata akaangusha mwiko. Akageuka kuelekea jikoni, mwanzo kwa kutembea, halafu mbio. Tatizo la Imakulata ni kwamba kati ya ofisi na jikoni kuna karakana, na kati ya karakana na jikoni kuna wanawake wa kupepeta mbegu. Hakuna aliyepitwa!

Injinia akarudi kwenye kioo, akakamata panya wa kompyuta, akamsogeza. Mshale ukaingia kwenye lile dirisha jeusi, ukakwama humo. Akavuta kushoto. Haukutoka. Akavuta kulia, akainua panya juu, akamtikisa. Haukutoka!

"Ayubu! Panya ameingia ndani ya mgeni, hatoki! Ova!"

"Usimvute! Bonyeza vitufe vya kontroli na olta kwa pamoja, atatoka mwenyewe. Ova."

Dirishani walishakusanyika watu. Mama mmoja akashika kichwa: "Jamani, mpaka altare imetajwa! Basi ni mwisho huo."

Akabonyeza. Panya akatoka. Injinia akashusha pumzi, akajifuta jasho kwa tai.

"Panya ametoka. Sasa huyu mgeni, Ayubu, nimfanye nini? Ova."

"Kama haamki, mfute kabisa, uweke mwingine. Mwenyeji hatadhurika. Ova."

"Namfuta. Kwanza alikuwa ananichosha. Ova!"

Redio ikakwaruza. Halafu ikaingia sauti ya Mwantumu, laini, ya kuomba radhi.

"Shamba, hapa Katesh. Samahani kuwaingilia. Mgeni wenu yuko hapa, amekaa tangu saa nne, amesikia yote. Anauliza, bado aje? Ova."

Yoakimu alikasirika!

"Katesh, acheni utani, tuko kazini! Mgeni hawezi kuwa Katesh. Mgeni yuko hapa mbele yangu, amekufa! Ova!"



"Amekufa?" akasema Mwantumu. "Mbona ameshika kikombe? Ova."

Nikamshika bega. "Yoakimu! Huyo ni mzee Tluway!"

"Mzee Tluway anakuja saa kumi. Hao wa Katesh ni wageni wa Meneja." Akaniambia hivyo bila kugeuka, kidole kiko kwenye kitufe cha kufuta. Akabonyeza! Kioo kikamuuliza, una hakika? Akabonyeza tena. Alikuwa na hakika.

Gidahosh akafungua mlango. "Namba?"

 Akatutazama mmoja mmoja, akavaa kofia, akaondoka kwenda kufukuza ndege kwa mikono.

Injinia akaanza kumjenga mgeni mpya kutoka mwanzo. Safari hii akampa chumba kikubwa. Mgeni akakubali sidii ya kwanza, akala, akashiba, akaomba ya pili. Saa saba mchana gari la shamba likaingia uani. Nikasikia Imakulata anapiga yowe la kufa mtu, kisha kishindo cha sufuria. Mzee Tluway alikuwa ameshuka garini, mrefu, koti jeusi, fimbo mkononi, anatembea mwenyewe na miguu yake. Wanawake wa mbegu wakampisha njia, hakuna aliyethubutu kumpa mkono. Mmoja alimgusa koti kwa nyuma, ahakikishe.

Akafika mlangoni. Nikasimama, nikamwamkia. Yoakimu alikuwa ametupa mgongo.

"Funga huo mlango, vumbi linaingia!" akasema Injinia. "Ndiyo namalizana na mgeni hapa."

"Naona," akasema mzee.

Jamani! Yoakimu aligeuka taratibu, shingo kwanza, mabega baadaye. Alimtazama mzee. Akaitazama redio. Akanitazama mimi, nami nikainua kikombe changu cha chai nimwonyeshe. Hapo ndipo akaelewa!  Mtu amesimama mbele ya baba wa mchumba wake, mzee wa Daudi aliyesafiri tangu alfajiri, na neno la kwanza linajulikana hata na mtoto anayetambaa. Yoakimu akafungua mdomo. Likatoka neno moja.

"Ova," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke, na mimi si mposaji!

Mzee Tluway akavuta kiti, akakaa, fimbo katikati ya magoti.

"Kijana, nimekuja kuona kazi. Hebu nionyeshe huyo mgeni."

"Mzee, mgeni... mgeni siyo wewe. Mgeni ni huyu, hapa." Akagonga kioo. Kioo kilikuwa cheusi, mgeni mpya hajawaka bado.

"Simwoni."

"Hayupo, mzee."

"Hayupo. Lakini amekula kila kitu."

"Ndiyo, mzee."

"Akalazwa chumba kidogo, kwa sababu ya nyimbo."

"Ndiyo, mzee."

"Panya akamwingia."

"Panya alitoka, mzee!" Yoakimu alisema hilo kwa haraka, kama ndilo la kumwokoa.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni akija, ndiye anayefutwa." Mzee akatikisa kichwa. "Na binti yangu utamweka chumba gani?"

Redio ikaita. Alikuwa Ayubu. "Shamba, nimekumbuka jambo. Kabla ya kumfuta mgeni, ile orodha ya vipuri ulichukua nakala? Ova."

Yoakimu akakitazama kioo. Macho yalimjaa machozi, kweli kabisa, mwanamume mzima na tai yake. Mkwe amekwenda, orodha imekwenda, kombaini imelala shambani na ndege wanakula. Hapo hasira yangu yote ikaniisha. Nikachukua kipaza sauti.

"Nakala ipo. Nilimnakili mgeni mzima jana asubuhi, wakati Injinia yuko kwa kinyozi. Ova."

"Ulipata wapi nafasi, Genoveva?" akauliza Yoakimu kwa sauti ndogo.

"Nilifuta nyimbo zako."

Sikuomba msamaha; kunakili nilijifunza kwa kumchungulia yeye begani. Nikavuta kiti, nikaisogeza ile nakala mahali pake, nikawasha. Mgeni mzee akaamka, mzito, anachelewa kila kitu, lakini akaamka mzima! Programu ikafunguka. Nikamwita Gidahosh, nikamwandikia namba ya mkanda kiganjani. Alitabasamu. Miaka sita nimefanya naye kazi, sikujua ana meno mazuri vile.

Mzee Tluway alitazama yote hayo. Kisha akanyoosha mkono.

"Binti, nibonyeze wapi niongee na huyo fundi wa Arusha?"

Nikamwonyesha. 

"Fundi wa Arusha, hapa anaongea mgeni. Ova."

"Mgeni gani? Ova."

"Yule mzee, mzito, anayekula sana. Ova."

 Nadhani kule Arusha mtu alikuwa anatafuta pa kujificha.

"Shikamoo, mzee! Ova."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida, nisaidie. Kuna kijana ameniletea barua, anataka kuingia kwangu. Ana maneno mengi, kazi nusu, na nimefika kwake hajaniamkia mpaka sasa. Wewe unawajua hawa. Nimfute? Ova."

Yoakimu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Dirishani watu hawapumui. Maisha yake yote yalikuwa mdomoni mwa Ayubu, na Ayubu alikuwa maili mia mbali.

"Hapana, mzee," akasema Ayubu hatimaye. "Huyo kijana hajaharibika. Alirukia toleo la juu kabla ya kumaliza la chini. Mwanzishe upya tu. Ova."

"Nianzie wapi? Ova."

"Kwenye salamu. Ova."

Mzee akafikiri. Akamgeukia Yoakimu, akakielekeza kipaza sauti kwake, kidole gumba bado kiko kwenye kitufe.

"Barua yako sijaichana. Umemsikia fundi wako. Anza."

Yoakimu akavua tai. Akaiweka juu ya kompyuta. Akainama, sijawahi kumwona mtu kainama vile.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akaachia kitufe ili ajibu. Kabla hajafungua mdomo, redio ikalipuka!

"Marahaba!" Shamba la jirani.

"Marahaba, Injinia!" La pili yake.

"Marahaba, hujambo?" Sauti nzito, sijui ya wapi. Wakapokezana, shamba moja baada ya jingine, mpaka Arusha, na Ayubu naye akaitikia kwa upole. Yoakimu akabaki ameinama palepale, anaamkiana na mkoa mzima.

Mzee Tluway alianza kukohoa. Nikadhani vumbi. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akajifuta macho kwa kofia, akamshika Yoakimu bega amwinue, na mtu anayecheka namna ile hawezi kurudi Daudi amenuna.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Yoakimu akajinyoosha, akavuta pumzi, uso ukaanza kurudi wa Injinia. Akafunga kifungo cha sweta. Akakohoa kile kikohozi chake cha kisomi, tayari kutuhutubia.

Redio ikakwaruza mara ya mwisho. Alikuwa Mwantumu wa Katesh, miaka kumi na tisa, aliyekuwa amekwenda kuosha kikombe cha mzee na sasa amerudi.

"Samahani, nimechelewa. Marahaba, mwanangu! Ova."